Mkunazi, pumba za mpunga na maganda ya korosho kwenye visima vya mafuta: kipi kinafanya kazi, kipi ni cha maabara tu?

#1 Mpima_Miamba

Assalamu alaykum, habari zenu wakuu.

Kila baada ya muda mtu anarusha humu kichwa cha habari cha aina ya "wanasayansi wagundua mmea unaoongeza mafuta ghafi", watu wanashangilia, uzi unakufa. Mimi niko Maskati, kazi yangu ni maabara ya miamba, na mmea unaotajwa sana huku Ghuba ni ule ambao bibi zetu Unguja wanaujua vizuri: mkunazi. Nimeona niandike kwa urefu. Jambo lina ukweli ndani yake, ila si ule unaotangazwa.

Tuanze na tatizo. Mafuta chini ya ardhi hayamo kwenye tangi wala kwenye ziwa. Yamo ndani ya jiwe, katika vijitundu ambavyo vingi huvioni bila hadubini. Kisima kikitobolewa, presha ya asili hutoa sehemu ndogo, mara nyingi chini ya moja ya tano. Presha ikichoka, maji hupigwa chini kupitia visima vingine ili yayasukume mafuta kuelekea kisima cha kutolea. Ukifika theluthi moja ya mafuta yote yaliyokuwamo, umefanya kazi ya kawaida kabisa. Theluthi mbili bado ziko chini, na kazi ya kuzifuata ndiyo wenyewe huku wanaiita EOR.

Kwa nini yanabaki? Kwanza, maji hupenda njia rahisi, yanaacha maeneo mazima bila kuyagusa. Pili, na hili ndilo la uzi huu, hata pale maji yalipopita matone ya mafuta hubaki yamebanwa kwenye shingo za vijitundu. Mvutano uliopo mpakani mwa mafuta na maji hulifanya tone likatae kujinyoosha lipenye. Mvutano huo hupimwa kwa milinyutoni kwa mita, na kati ya mafuta ghafi na maji huwa 20 hadi 30 hivi.

Kuna hesabu fupi inayoitwa namba ya kapilari: mnato wa maji mara mwendo wake, gawanya kwa mvutano. Maji ya kawaida yakipigwa kisimani, namba hiyo huwa kama 10⁻⁷ au 10⁻⁶. Matone yaliyonaswa huanza kutoka kwa wingi ukiipandisha hadi 10⁻⁴ au 10⁻³. Mwendo wa maji huwezi kuuzidisha mara elfu, utaupasua mwamba. Kwa hiyo unashusha mvutano mara elfu, pengine zaidi. Namba hiyo, mara elfu, muishike.

Kemikali zinazoshusha mvutano ni safaktanti, jamii moja na sabuni: kichwa kinapenda maji, mkia unapenda mafuta. Nyingi za viwandani hutokana na petroli yenyewe. Sasa kuna mimea yenye sabuni yake ya asili, saponini. Mkunazi unaofanyiwa majaribio ni ule Waarabu wanaouita sidri, Ziziphus spina-christi. Majani yake yanatoa povu, watu huku wanaoshea nywele, na sisi Waislamu tunayatumia kuoshea maiti. Mwaka 2012 watafiti wa Iran walichapisha majaribio ya unga uliokamuliwa kwenye majani hayo: mvutano kati ya mafuta ya taa na maji ulishuka kutoka kama 48 hadi 9. Tangu hapo wamepita kwenye mizizi ya susi, majani ya mforosadi na mimea mingine mingi. Iran wana sababu zao: mti upo jangwani kwao, miamba yao mingi ni chokaa, na vikwazo nadhani vimewafundisha kutafuta dawa nyumbani.

Nitaendelea na habari ya chembe nano, yaani chembe ndogo mno zinazotiwa ndani ya maji hayo ya kupiga chini. Kwanza maswali.

#2 Chogo_la_Pweza

Nimeweka kambi. Shusha nondo mkuu.

#3 Kijana_wa_Hoima

Asante mkuu. Sisi huku Uganda tunangojea mafuta yetu ya Ziwa Albert kwa miaka. Mradi wa Tilenga peke yake una visima zaidi ya 400, na maji ya kupiga chini yatatoka ziwani. Mafuta yetu yana nta, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba la kwenda Tanga, kilomita 1,443, litapashwa moto nyuzi 50. Je, hii sabuni ya miti inaweza kusaidia bomba lisihitaji kupashwa moto?

#4 Mpima_Miamba

Hapana ndugu yangu. Nta ya bombani ni ugonjwa mwingine na dawa zake ni nyingine: joto, au polima, yaani molekuli za mnyororo mrefu, zinazozuia fuwele za nta zisishikane. Safaktanti za uzi huu zinafanya kazi ndani ya jiwe, chini kabisa ya ardhi.

Ila swali lako lina mlango mwingine. Mwamba wa Ziwa Albert ni wa mchanga, na maji ya ziwani yana chumvi kidogo sana ukilinganisha na ya visima vya huku. Kwa kemikali yoyote, ya mti au ya kiwandani, hiyo ni neema. Nitarudi kwenye chumvi.

#5 Kemia_Mlimani

Mkuu Mpima, umeandika vizuri lakini naona umepita haraka mahali penyewe. Umesema tunahitaji kushusha mvutano mara elfu. Halafu ukasema mkunazi umeshusha kutoka 48 hadi 9. Hiyo ni mara tano na kidogo. Mara tano! Safaktanti nzuri za kiwandani, zikiwekwa kwenye chumvi inayozifaa, zinafika 0.001. Kutoka 9 hadi 0.001 ni safari ya mara elfu tisa.

Halafu hiyo 48 yenyewe ni ya mafuta ya taa. Mafuta ghafi yana asidi na lami zake ambazo tayari ni safaktanti za asili, kwa hiyo mvutano wake unaanzia chini. Ukianzia 25 ukafika 9 umepata nini?

Sisemi utafiti ni mbaya. Nasema anayeandika "mmea huu unashusha mvutano na hivyo unatoa mafuta yaliyonaswa" hajaipiga hesabu ya namba ya kapilari.

#6 Mpima_Miamba

Ndiyo maana niliomba mshike namba ile, sheikh. Umenifikisha nilipotaka.

Sasa tatizo ni hili: wakipitisha maji ya mkunazi kwenye kipande cha mwamba wa chokaa, mafuta ya ziada yanatoka kweli. Si uongo. Kama mvutano haujashuka vya kutosha, yanatokaje?

Jibu liko ukutani mwa vijitundu. Mwamba wa chokaa ulioishi na mafuta mamilioni ya miaka umepakwa asidi za mafuta hayo, sasa unapenda mafuta kuliko maji. Ukimwaga maji juu yake yanasimama kama kwenye sahani yenye mafuta. Mwamba wa namna hiyo hauyaruhusu maji yaingie yenyewe kwenye vijitundu vidogo, hasa kama umepasukapasuka, maana maji yanapita kwenye nyufa na kutokea upande wa pili. Lakini ukiweza kuubadilisha mwamba upende maji tena, maji yanajinyonya ndani na kuyafukuza mafuta yatoke kwenye nyufa. Hapo huhitaji mara elfu. Na zaidi, ukishusha mvutano kupita kiasi unaua ile nguvu ya kunyonya ambayo ndiyo inakufanyia kazi. Kwa hiyo mvutano wa wastani, ambao kwako ni kasoro, kwenye chokaa lililopasuka si kasoro kubwa.

Kipimo chake ni rahisi: kata kipande cha mwamba, kijaze mafuta, kiache kizeeke kwenye joto wiki kadhaa, kizamishe kwenye maji yenye dawa ndani ya chupa yenye shingo ndefu iliyochorwa vipimo, kisha ungojee. Mafuta yanayopanda shingoni ndiyo jibu. Hakuna pampu, hakuna ujanja.

Chembe nano zinaingia hapo hapo. Silika, madini yale yale ya mchanga, ya ukubwa wa nanomita 10 hadi 50 ikiwa ndani ya maji, chembe zinajipanga kwenye ile kona nyembamba ambapo tone la mafuta linagusana na ukuta, na mpangilio huo unazaa presha inayolibandua tone. Wasan na Nikolov wa Illinois Institute of Technology walilieleza mwaka 2003 kwenye jarida la Nature. Chembe nyingine zinakaa ukutani zenyewe na kuufanya upende maji. Ukiunganisha saponini na silika, moja inasafisha, nyingine inakaa mahali pasipakwe tena.

#7 Mchuuzi_Kariakoo

Sayansi nimeielewa nusu, nawashukuru. Mimi naomba hesabu ya pesa. Majani kiasi gani kwa pipa moja?

#8 Mpima_Miamba

Swali zuri kuliko yote. Tupige pamoja.

Chukua sehemu ya mwamba ambayo nafasi ya vijitundu vyake ni mapipa milioni 1. Kwa kawaida hupigi dawa kujaza yote, unapiga kama asilimia 30 kisha unaisukuma kwa maji. Hayo ni mapipa 300,000, takriban tani 47,700 za maji. Unga wa mkunazi na wenzake kwenye majaribio hutumiwa kwa asilimia kadhaa za uzito, tuchukue 3. Ni tani 1,430 za unga. Safaktanti ya kiwandani ya asilimia 0.3 ni tani 143.

Sasa mavuno. Tuseme mafuta yaliyobaki yanachukua asilimia 30 ya vijitundu na tumebahatika kutoa theluthi yake. Mapipa 100,000. Kwa hiyo kila pipa limekula kilo 14 za unga uliokaushwa, na ukidhani kila kilo ya unga imetoka kwenye kilo 10 za majani makavu, ni kilo 140 za majani kwa pipa moja. Mikunazi ya Oman yote utaikwanyua.

Na hapo sijagusa ubaya wenyewe. Mwamba unakunywa dawa. Vijitundu vikiwa asilimia 20 ya ujazo, mwamba huo una uzito wa kama tani milioni 1.7. Kila tani ikinywa kilo moja tu ya dawa, tani 1,700 zimeondoka. Dawa yako yote ya tani 1,430 imeishia njiani kabla ya kulisukuma tone la mwisho. Kwenye vipimo vya dawa za mimea, kilo moja kwa tani ni kiasi cha kawaida, na wako wanaoripoti zaidi.

Hata wa viwandani wanaumwa na hili. Ndiyo sababu wanaichanganya safaktanti na alkali, kwa kuwa alkali inapunguza dawa kunata kwenye mwamba, na polima ya kuyafanya maji yawe mazito yasikimbilie njia rahisi. Huo mchanganyiko wa vitu vitatu wanauita ASP.

Kwa maoni yangu thamani ya chembe nano kwa dawa za mimea iko hapa hapa, si kwenye kubandua matone. Chembe ikiibeba safaktanti mgongoni, au ikikalia nafasi za ukutani kabla ya safaktanti, kunata kunapungua. Silika ya asilimia 0.1 ni tani 48 tu kwenye hesabu ile. Kama tani 48 za silika zinaokoa tani mia kadhaa za unga, mazungumzo ya biashara yanaanza. Makala nyingi zinaonyesha picha nzuri ya tone na pembe yake kwenye jiwe, halafu jedwali la kunata halimo.

#9 Mchuuzi_Kariakoo

Kilo 140 za majani kwa pipa! Bora niuze kunazi zenyewe.

#10 Pumba_za_Kahama

Wakuu mmetaja silika. Sisi Kahama mashine za kukoboa mpunga zina milima ya pumba, watu wanachomea tofali tu. Nimesikia pumba zina silika. Kweli au maneno ya mtaani?

#11 Kemia_Mlimani

Kweli kabisa. Mpunga unanyonya silika kutoka ardhini na kuihifadhi kwenye ganda. Pumba ni kama moja ya tano ya uzito wa mpunga, ukizichoma majivu ni kama moja ya tano ya pumba, na majivu hayo silika ni asilimia 85 hadi 95. Tani moja ya mpunga, kama kilo 35 za silika.

Tatizo ni namna ya kuchoma. Jivu la tanuru la tofali si unalotaka. Moto ukipita nyuzi 800 au 900 silika inageuka fuwele, haiyeyuki kirahisi tena, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu, mwenye tanuru ajue hilo. Unataka nyuzi 600 hadi 700, polepole, hewa ya kutosha, baada ya kuziosha pumba kwa asidi kuondoa potasi. Kisha unaliyeyusha jivu kwa magadi makali ya sodiamu, unapata maji ya silika, unayarudisha kwa asidi polepole huku unakoroga, na chembe zinazaliwa. Ukubwa unautawala kwa kasi ya asidi na joto. Maabara yoyote ya chuo inaweza.

Kuzitengeneza si kazi. Kazi ni kuzizuia zisishikane. Mpima umeahidi habari ya chumvi.

#12 Mpima_Miamba

Nimeahidi. Silika kwenye maji ya kawaida ina chaji hasi, chembe zinasukumana, zinaelea. Maji ya ndani ya miamba ya Ghuba yanaweza kuwa na chumvi mara tano ya bahari, na kalisi na magnesi tele. Ukitia chembe tupu humo zinashikana, chupa inakuwa na mawingu, asubuhi tope liko chini. Fikiria tope hilo likitokea kwenye mdomo wa kisima cha kupigia maji. Unaziba kisima kwa pesa yako mwenyewe.

Dawa yake ni kuvisha chembe koti, polima fupi au safaktanti yenyewe, na saponini inaweza kuwa koti hilo. Lakini jaribio linalofanywa kwenye maji yaliyokenekwa halinihusu. Nikisoma makala naangalia kwanza maji waliyotumia, kabla ya muhtasari.

Jambo jingine, chokaa lina chaji chanya kwenye maji mengi ya visima na silika hasi. Zinavutana. Kidogo ni kuzuri, ukuta unavikwa. Zikizidi zinajenga ukuta juu ya ukuta na shingo za vijitundu zinafunga.

#13 Bint_Masasi

Shikamooni wakubwa. Mimi ni wa Mtwara, nasoma kemia mwaka wa mwisho. Mbona hakuna aliyetaja korosho? Ganda la korosho lina mafuta makali, wabanguaji wanayajua kwa mikono yao. Tulifundishwa yana asidi ya anakadi na kadanoli, mkia mrefu wa kaboni 15 na kichwa chenye pete. Si safaktanti tayari hiyo?

#14 Kemia_Mlimani

Marahaba binti. Umegonga penyewe. Hapo ndipo naona njia bora ya mimea, kuliko kuchemsha majani.

Saponini unaichukua kama mti ulivyoipika: imechanganyika na sukari, tanini na rangi, na kila msimu inabadilika. Mafuta ya ganda la korosho yanakupa mkia uliokamilika, kichwa unakijenga mwenyewe. Asidi ya anakadi ukiipasha moto inaachia kaboni dayoksaidi inakuwa kadanoli. Kadanoli ukiiwekea salfa unapata salfoneti. Ukiiwekea mnyororo wa ethoksi unapata safaktanti isiyo na chaji, inayovumilia chumvi. Kemia ni ile ile ya sabuni za petroli, malighafi tu ndiyo imetoka mtini, kwa hiyo unaweza kushuka kwenye mvutano wa chini kweli na kwenye asilimia 0.3 badala ya 3. Wahindi wamepita njia hiyo hiyo kwa mbarika, Wamalaysia na Waindonesia kwa mawese. Na si chakula, hakuna atakayesema mnanyang'anya watu mafuta ya kupikia.

Shida ya kwetu wanaijua wote: korosho nyingi ya Tanzania inasafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Ganda linapanda meli pamoja na korosho.

#15 Lodwar_Kavu

Mimi niko Turkana. Hapa tangu mafuta yapatikane kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012 tumesikia ahadi nyingi, kwa hivyo nauliza bila adabu. Ni nani ameweka hii kitu kwenye kisima cha ukweli? Sio chupa ya maabara. Kisima.

#16 Mpima_Miamba

Umeuliza kwa adabu tosha.

Unga wa majani kwenye uwanja mzima wa mafuta: sijapata kuona. Safaktanti kwa ujumla: Daqing, China, wamepiga polima kwa kiwango cha kiwanda tangu 1996 na ASP tangu 2014, na ASP imewapa hadi kama asilimia 20 ya ziada ya mafuta yaliyokuwamo. Hawakupata bure. Alkali ilizalisha magamba ya chokaa na silika yaliyokwamisha pampu, wakalazimika kubuni pampu nyingine na kuhamia alkali dhaifu.

Oman, Marmul huko kusini: mwamba wa mchanga, mafuta mazito. Walijaribu polima miaka ya 1980, wakaweka mradi kamili 2010, na ASP imejaribiwa humo humo. Uwanja wa Qarn Alam wanatumia mvuke. Uwanja wa Amal mvuke mwingine umezalishwa kwa jua, vioo ndani ya nyumba za kioo jangwani. Nasema haya mwone kwamba nchi hii haiogopi kitu kipya, na hata hivyo mkunazi haujatoka maabara.

Chembe nano zimeshuka chini kweli. Saudi Aramco mwaka 2010 walipiga nukta nano za kaboni kwenye uwanja wa Ghawar na kuzivua tena kisima kile kile, nyingi zikarudi. Zile zilikuwa za kupima, si za kutoa mafuta, lakini zilijibu hofu kubwa: je, chembe zitapita kwenye mwamba wenye joto na chumvi? Zilipita. Kolombia, kampuni ya mafuta ya Ecopetrol wamepiga vimiminika vya chembe nano kwenye uwanja wa Cupiagua kuondoa lami iliyoziba mwamba karibu na kisima, kisha Castilla na Chichimene kwenye mafuta mazito. Angalia walichochagua: eneo dogo karibu na kisima, dawa kidogo, matokeo upesi. Hawakuanza na kujaza uwanja mzima. Nikiwa na pipa la dawa ya korosho leo, ningeanza hapo.

#17 Lodwar_Kavu

Sawa. Na mazingira? Kila mtu akisema "ya mmea" watu wetu wanadhani mbuzi anaweza kunywa.

#18 Mpima_Miamba

Mbuzi asinywe. Utupa nao ni mmea, na waulize samaki. Saponini yenyewe inaua samaki, matamvua yao hayaivumilii. Faida ya mimea ni kwamba huoza upesi, na hapo hapo pana hasara: saponini ina sukari, bakteria wa chini wanaipenda. Ukiwalisha kwenye maji yenye salfeti wanakutolea gesi ya mayai viza, inayoua watu na kula mabomba. Kwa hiyo unaongeza kiuabakteria, ambacho si cha mmea.

Kiasi kikubwa cha maji hurudi juu na mafuta. Oman ni mapipa kadhaa ya maji kwa kila pipa la mafuta. Huko Nimr sehemu yake inasafishwa na mabwawa ya matete jangwani, ukubwa wa kutisha, ndege wanahamia. Mmea ulioajiriwa rasmi kwenye mafuta huku ndio huo, matete, na anafanya kazi upande wa kutolea.

#19 Chogo_la_Pweza

Kumbe Tanzania tukae pembeni tu, sisi gesi.

#20 Kemia_Mlimani

Songo Songo na Mnazi Bay hazihitaji safaktanti, ni kweli. Lakini anayeuza sabuni si lazima awe na nguo chafu. Wenye mafuta wako jirani, Uganda na Ghuba.

#21 Bint_Masasi

Naomba ushauri basi. Nina muda wa mradi wa mwaka wa mwisho na maabara ya kawaida, hatuna pampu ya kupitisha maji kwenye mwamba. Nifanye nini kisiwe kichekesho?

#22 Mpima_Miamba

Bila pampu unaweza kufanya kazi safi kuliko wengi wenye pampu. Kwa hakika pampu ndiyo inayodanganya: watu wanapitisha dawa mara tatu au nne ya ujazo wa kipande, wakati kwenye uwanja hakuna atakayelipia zaidi ya theluthi moja ya ujazo. Kisha wanaandika asilimia ya "mafuta yaliyobaki" badala ya mafuta yote yaliyokuwamo, namba inapendeza mara mbili.

Mimi ningefanya hivi. Tengeneza kadanoli, geuza kidogo iwe salfoneti, tengeneza silika ya pumba za Kahama. Changanya maji yenye chumvi ya aina mbili, moja laini kama ya Ziwa Albert, moja kali yenye kalisi. Weka mchanganyiko kwenye chupa, joto nyuzi 60 na 80, wiki mbili, piga picha kila siku uone kama unatuama. Kinachotuama kitupe hapo hapo, usikipime zaidi. Kilichobaki, saga chokaa, kuna miamba ya matumbawe pwani nzima, tikisa unga wake na dawa saa 24, chuja, pima dawa iliyobaki kwenye maji. Fanya bila silika na ukiwa nayo. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mradi wako. Ukiwa na muda, ile chupa ya shingo ndefu fundi wa kioo wa chuo anaweza kuitengeneza.

Matumbawe si mwamba wa mafuta, liandike hilo ukurasa wa kwanza. Na tumia mafuta ghafi ukiyapata. Ukikosa, mafuta ya taa yenye asidi ya oleiki kidogo, useme.

#23 Kijana_wa_Hoima

Binti, mchanga wa huku tunao. Ukitaka kulinganisha na chokaa naweza kuuliza chuoni kwetu kama kuna vipande vya kufundishia.

#24 Bint_Masasi

Asanteni sana. Nahitaji maganda ambayo hayajachomwa, kilo 20 zinanitosha kuanzia. Kama kuna mtu mwenye kiwanda cha kubangua Masasi, Newala au Mtwara mjini anayebangua kwa mvuke na si kwa kukaanga, anitafute kwenye ujumbe wa ndani.

#25 Pumba_za_Kahama

Pumba nakutumia kwa basi, bure, gunia moja. Nauli ya mzigo utalipa ukipokea.

#26 Kemia_Mlimani

Gunia moja ni pumba kama kilo 12 tu, Kahama, usijipongeze. Tuma mawili, na yasiwe yamelowa mvua.